Sentensi Niliyowakaririsha

Alhamisi jioni. Joto la Oktoba limekaza, mvua haina dalili, na vumbi la mtaa wetu wa Kitete limeingia hadi ndani ya chandarua. Sijatia kitu mdomoni tangu asubuhi. Naandika kwa sababu nikiendelea kukaa na jambo hili peke yangu nitapasuka.

Mimi ndiye niliyewaponza wanafunzi wangu.

Nafundisha Fasihi kidato cha nne, katika shule moja ya hapa Tabora ambayo sitaitaja. Watoto hawa wakisoma hadithi wanaielewa, wanabishana mpaka kengele inalia. Waambie sasa waandike insha, kalamu zinakauka. Hawajui waanze kwa kudai nini. Wanaisimulia hadithi upya, mwanzo hadi mwisho, na msahihishaji anatafuta hoja haioni. Mwezi wa saba nilichoka. Nikaandika sentensi moja ubaoni, nikawaambia waikariri, iwe ndiyo hoja kuu ya kila insha, lije swali lolote lile:

"Mwandishi amefanikiwa kwa kiasi kikubwa kuonyesha matatizo ambayo jamii inayakumbana nayo."

Isome tena. "Inayakumbana nayo." Ilipaswa kuwa "inakumbana nayo"; ile "ya" ya katikati haina kazi yoyote pale. Kosa la namna hiyo huwa nalizungushia wino mwekundu kwenye madaftari ya watu. Hili nililiandika mwenyewe, kwa haraka, nao wakalimeza zima zima.

Mtihani wa majaribio ulisahihishwa na walimu wa shule jirani. Ijumaa iliyopita karatasi zikarudi na barua. Darasa zima lina sentensi ileile, kosa lilelile, mahali palepale. Kwa hiyo wamenakiliana. Mkuu wa shule alifuta alama zao za Fasihi, akawarudisha nyumbani wakalete wazazi. Mtihani wa taifa umebakiza wiki tatu.

Nilikuwa kwenye kikao cha walimu alipotangaza hivyo. Nilikaa karibu na dirisha.

Sikusema neno.

Nilijiambia nitasema Jumatatu. Jumatatu nikasema Jumanne. Ajira hii nimeisubiri miaka minne, nimeipata mwaka huu, bado niko kwenye kipindi cha majaribio. Hiyo ndiyo sababu yangu. Nimeigeuza kila upande, haijawahi kupendeza.

Jana wazazi walikuja. Wanafunzi walipewa karatasi ya kukiri kwamba walinakiliana, wakatia saini mmoja mmoja, wazazi wakishuhudia. Msichana mmoja tu, Nyamizi, alikataa. Mama yake alikuwa ametoka naye kijijini Ntalikwa kwa baiskeli tangu alfajiri, kanga imelowa jasho mgongoni. Nilimwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba kwa upole ulionichoma. Alipoona binti yake hashiki kalamu, alipiga magoti mbele ya mkuu.

"Mwanangu si mwizi, mwalimu. Kama ameiba, niambieni ameiba kwa nani."

Nyamizi alinitazama. Daftari lake lina sentensi ile, na chini yake kuna tiki yangu na saini yangu. Angelifungua tu, mambo yangeisha. Hakulifungua. Akaambiwa arudi leo na jibu, asiposaini hatafanya mtihani.

Nilimfuata nje. Nikamuuliza kwa nini hakunitaja.

"Nilidhani utasema mwenyewe, Mwalimu."

Hakusema kwa hasira. Afadhali angekasirika.

Leo nilifika ofisini kwa mkuu kabla ya paredi. Nilieleza yote nikiwa nimesimama. Alivua miwani.

"Siku sita, Mwalimu?"

"Ndiyo, Mkuu."

Zile karatasi za kukiri amezichana. Alama zitarudishwa. Mimi nimepewa barua ya kujieleza, na kuanzia Jumatatu kidato cha nne kitakuwa na mwalimu mwingine. Nilimwomba kipindi kimoja tu, niwaambie mwenyewe. Akakubali.

Niliwaambia. Kisha mmoja akanyoosha mkono: "Sasa tuanze na sentensi gani?"

Wiki tatu zimebaki. Nikawaomba waifikirie ile hadithi fupi tuliyomaliza, ya mama ambaye binti yake anaozeshwa na baba kabla hajamaliza shule. Mnamwonaje yule mama?

Nyamizi akajibu:

"Mimi simpendi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu alijua, akanyamaza."

Sijui kama alinikusudia mimi. Nilimwambia hiyo ndiyo hoja kuu: imedai jambo, imetoa sababu, na mwingine anaweza kuipinga. Nikageuka kuiandika ubaoni: "Mama anachangia maangamizi ya binti yake kwa sababu aliujua ukweli akanyamaza." Nilipogeuka tena, vichwa vyote vilikuwa vimeinama.

Walikuwa wanainakili.

Nilishika dasta nikafuta neno baada ya neno. Nikawaambia hii ni ya Nyamizi, kila mtu aandike lile analoliamini yeye. Walinitazama kana kwamba nimewanyang'anya chakula. Kengele ilipolia nilipita kati ya madawati. Kurasa nyingi zilikuwa nyeupe.

Jumatatu mwingine atasimama pale. Je, wiki tatu zinatosha kumfundisha mtu kuamini kwamba ana la kusema? Mimi nilikuwa nao karibu mwaka mzima, nikawapa sentensi moja.