Bando la Mwezi kwa Siku Kumi na Mbili

Jumatano, 12 Novemba

Bando limekwisha! GB mia, na mwezi haujafika hata nusu. Nilidhani nimesoma vibaya, nikazima simu, nikawasha, nikasoma tena. Sifuri. Septemba tulibakiza thelathini. Oktoba likaisha tarehe ishirini, nikajisema labda mimi ndiye mlafi. Sasa hata mlafi hali hivi!

Humu ndani tuko wawili. Mimi, nashinda dobini napiga pasi mashati ya watu mpaka jioni. Na Mama mkwe, ambaye simu yake kazi yake kubwa ni kumwambia kama mvua itanyesha. Nani kala? Imebidi ninunue jingine kwa hela ya akiba.

Na intaneti yenyewe niliiweka kwa ajili ya Mpole. Mume wangu. Mpole ni jina nililompa mimi wiki ya harusi, hata Mama halitumii. Miezi minane sasa yuko kambini, anachomelea vyuma, na huko mtandao haukamati. Anapiga tarehe mosi, dakika tatu — anasema nimepanda mlima hapa ndiyo nikupate — halafu inakatika. Basi nikaweka kisanduku ukutani, ili siku mtandao ukimkubali anikute hewani.

Alhamisi, 13 Novemba

Aibu! Nimemvaa fundi viatu, jirani wa ukuta mmoja. Nikamwambia kuchota kisima cha mtu bila hodi ni wizi, na intaneti ni vilevile. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa simu yake. Kitochi! Kimefungwa raba ili betri isidondoke. Akaniuliza, hiki nacho kinaangalia sinema kwa tundu gani? Nilitamani ardhi ipasuke. Nimemwomba radhi mbele ya wateja wake.

Neno la siri nimelibadilisha hata hivyo. Haikupita saa nzima, Mama akaja na simu mkononi: mwanangu, yangu haishiki. Nikamwandikia jipya.

Jumamosi, 15 Novemba

Fundi wa intaneti kaja alasiri. Kijana mcheshi, anakula karanga huku anafanya kazi. Kanionyesha kwenye simu yangu jinsi ya kuona kila kinachoshika hapa nyumbani. Viko viwili tu. Changu na cha Mama.

"Dada," akasema, "kikulacho ki nguoni mwako."

Cha Mama! Simu ya video, inaanza saa tatu asubuhi inakwenda mpaka saa kumi jioni. Kila siku ya kazi. Nikacheka mpaka nikashika ubavu. Ni yeye na dada yake, hakuna wengine! Mwaka ule naolewa Mama alinifundisha: aliyepiga ndiye anayekata, kumkatia mtu simu ni kumfungia mlango usoni. Basi dada mtu anapiga, anasahau kukata, na Mama kwa adabu zake anailaza simu kifudifudi juu ya kitambaa chake cha kufuma, anaendelea na shughuli. Saa saba nzima bibi wawili wanatazamishana giza.

Nitamwambia taratibu, asione haya.

Jumapili, 16 Novemba

Leo nimeshinda nyumbani. Simu ya Mama imeshinda kabatini. Matumizi: kiduchu.

Dada yake alikuja kututembelea. Nikamtania, Mama mdogo, maneno yenu hayaishi, mnanimalizia bando! Akashangaa. Tangu simu yake itumbukie ndooni mwezi wa tisa hajanunua nyingine.

Mama akainuka akaangalie jiko. Jiko lilikuwa halijawashwa.

Jumanne, 18 Novemba

Umeme umekatika dobini, tukaruhusiwa saa sita. Nimefika, geti liko wazi. Mama alikuwa uani anaanika nguo. Nikapita moja kwa moja chumbani kwake kumwekea mashuka niliyompigia pasi.

Simu iko juu ya kitambaa, kifudifudi. Ikakohoa.

Kikohozi kile! Viwili vifupi, halafu anasafisha koo. Nimekisikia miaka kumi na moja asubuhi anapotafuta ndala. Nyuma yake msumeno wa chuma unalia. Mpole! Amepata mtandao! Nilirusha mashuka kitandani, nikatoka mbio, nikapiga kelele: Mama! Mama! Mpole yuko hewani!

Tuliporudi simu ilikuwa kimya. Mama akasema amebahatisha tu leo, mwanangu, mtandao wenyewe wa kubahatisha. Nikaamini. Nimekunywa chai nzima nikiwa naamini, na nyimbo juu.

Halafu nikafungua ule ukurasa wa fundi.

Leo imekatika saa sita na dakika kumi na mbili. Ndipo nilipopiga kelele. Jumamosi zote natoka kazini mapema, nafika saa nane — imekatika saa nane. Siku nyingine saa kumi na dakika tano, kumi na dakika nane. Ndipo ninapofika getini nikasema hodi Mama.

Mama hakati simu ya mtu. Aliyepiga ndiye anayekata.

Kwa hiyo anayepiga ni Mpole. Kila siku. Na akisikia hodi yangu, anakata.

Jumatano, 19 Novemba

Nimeunguza shati la mteja. Chapa ya pasi mgongoni. Miaka tisa pale sijawahi.

Jioni nikamwuliza Mama. Sikupandisha sauti, haki ya Mungu. Nikasema, Mama, kambini hakuna mtandao? Akatazama vidole vyake. Aliniapisha, akasema. Yuko wapi? Hajanitajia mtaa. Anakaa na nani? Hapo akaanza kulia. "Yeye nimemzaa, na wewe ndiye unanilisha. Nijigawe vipi, mwanangu?"

Nimempa kanga yangu ajifute, nikaenda kulia chooni nikiwa nimefungulia bomba. Miezi minane nilikuwa nauonea huruma mlima anaoupanda! Nilikuwa namwombea asiteleze. Na moyo huu mpumbavu unampenda bado, hilo ndilo linaloniua.

Alhamisi, 20 Novemba

GB kumi na nne zimebaki. Mkono umekwenda kwenye waya wa kisanduku mara mbili. Sikuung'oa. Ni mama yake.

Ijumaa, 21 Novemba

Nimeaga dobini kwamba naumwa. Si uongo.

Sikusema hodi. Nimevua viatu getini. Mama hayupo, kaenda dukani. Simu iko pale pale, juu ya kitambaa. Nimekaa kitandani kwake, daftari magotini. Naandika kwa sababu siwezi kusema — neno moja tu, atakata.

Sijaigeuza. Nasikiliza tu. Anafua chuma na kuimba puani, wimbo hauna mwanzo wala mwisho, kama zamani. Kuna kuku. Kuna mtu anafagia. Karibu nusu saa sasa. Nimekaa na mume wangu nusu saa, haijatokea tangu Machi.

Ufagio umenyamaza. Sauti ya mwanamke, ya taratibu, haina hata ubaya wa kuichukia: "Mpole, maji ya kuoga tayari."

Jina nililompa mimi. Kalibeba mpaka huko, akampa mwingine amwite.

Nimeziba mdomo kwa ukingo wa shuka.

Mama amerudi. Yuko mlangoni, mfuko wa vitunguu mkononi, kaniona. Ametazama simu, ametazama viatu vyangu kando ya kitanda. Sakafu imelia chini ya mguu wake, na huko upande wa pili nyundo imesimama.

"Mama? Umerudi? Yule bado yuko kazini?"

Yule.

Mama ananiangalia mimi. Mpole anauliza mara ya pili, Mama, yule yuko kazini? Mama ameweka vitunguu chini, amekuja kukaa kando yangu, ameshika mkono huu nisioandikia. Simu ameichukua. Anaigeuza