Neno Walilotuandikia Mlangoni

Kilimani, New Brunswick, ng'ambo ya mpaka wa Maine
2 Agosti 1863

Kwako Dada Philura,

Nakusalimu wewe, Baba, na Bibi Grizel. Mimi ni mzima, ila miguu imechubuka, na mbu wa huku hawana habari kwamba nimevuka mpaka, wananiuma vilevile kama wa nyumbani. Natumaini nanyi hamjambo na ng'ombe mwekundu ameshazaa salama.

Najua umekasirika. Jina langu lilipotolewa kwenye pipa la kura ya jeshi, ulidhani naingia chumbani kufunga mizigo ya vitani. Mizigo nilifunga kweli, ila nilitokea dirishani. Sitayapamba maneno, Dada: niliogopa. Nilimwona mtoto wa Mama Perley alivyorudishwa kutoka vitani Virginia, nikajua mimi siwezi. Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Basi na mnicheke.

Tuko kumi na wanne kwenye vibanda vya magogo. Wenyeji wanatuita kwa neno lile la magazetini, skedaddle, la kutimua mbio shaghalabaghala, kila mtu na njia yake. Hata kilima wameshakiita hivyo. Sisi hatununi, jioni tunabishana neno lenyewe limetoka wapi. Muulize Bibi. Nakumbuka alikuwa akilisema sisi tukiwa wadogo, kabla ya vita na kabla ya hayo magazeti.

Halafu jambo moja. Mtu akikosekana hutolewa jina jingine. Alichukuliwa nani badala yangu?

Majibu mpe Quimby, mchuuzi wa vyombo vya bati. Anazunguka pande zote mbili na hana mdomo.

Ndugu yako mdogo,
Asahel


Hadlock, Maine
24 Agosti 1863

Asahel,

Salamu zako zimefika. Sisi wazima. Ng'ombe amezaa ndama dume. Baba hajambo, ila jina lako halitamki. Akitaka kusema habari zako husema "yule".

Wewe unajichekesha kilimani, sisi tunafuta mlango. Mara mbili sasa wameliandika neno hilo kwa chokaa kwenye mlango wetu wa mbele, herufi kubwa, na herufi moja wameikosea. Nimemtambua mwandishi kwa kosa hilo, maana nimemfundisha mwenyewe darasani miaka mitatu. Nimesugua huku nalia kwa hasira, ujue.

Swali lako nimelipeleka kwa Bibi. Amechukia kuliko mimi, ila si kwa sababu yako. Anasema hilo ni neno la kwao Dumfries, Uskoti, la watu wa zizini, na wanajeshi wameliiba. Msichana akibeba ndoo mbili vibaya, maziwa yakawa yanaruka na kudondoka njia nzima, mama yake alimwambia anaya-skedaddle maziwa. Kadhalika viazi vikidondoka kutoka kwenye mkokoteni. Mchungaji Thurlow naye alisimama mimbarani Jumapili akatuambia ni Kiyunani safi, maana yake kutawanya. Bibi akasema kwa sauti, kanisa zima likimsikia, "Huyo Myunani alikamua ng'ombe wa nani?" Baba alijifunika uso kwa kofia.

Kila mtu analidai neno, Asahel. Anayeitwa neno hilo ndiye hana wa kumdai.

Kwa sasa usiulize mengine. Vaa soksi za sufu.

Dada yako,
Philura


Kilimani
30 Oktoba 1863

Dada mpendwa,

Pokea salamu za mtu mwenye kikohozi kidogo na ndevu nyingi. Nyumbani hamjambo? Mmemaliza kuchimba viazi? Najua mikono imepungua, na najua ni yangu.

Habari za Bibi niliwasomea wenzangu wote, zikazua ugomvi. Yuko Donovan, Mwailandi, anaapa neno ni lao na limo hata kwenye Biblia ya kwao, pale mchungaji anapopigwa na kondoo wanatawanyika. Mwingine, baharia, anasema Wadenmaki wanalo lao linalofanana. Walifikia kushikana mashati. Halafu mzee wa shamba tunalokatia kuni akatuuliza swali moja tu: mbona nyote mmechagua maana ya kutawanyika na hakuna aliyechagua ya kukimbia? Tukaenda kulala.

Silali vizuri. Nikisikia tawi limevunjika naamka nimeshika viatu. Mchana natembea hadi kwenye mstari, ule waliofyeka msituni kutenga nchi na nchi, nautazama upande wetu, narudi. Siku nyingine naenda mara tatu. Hakuna ninachokiona huko zaidi ya misonobari.

Hukunijibu kuhusu aliyechukuliwa. Na hujasema neno juu ya harusi yako. Lyman amemaliza kuezeka nyumba? Mwambie mwaka huu hana wa kumshikia ngazi, asipande peke yake.

Mdogo wako,
Asahel


Hadlock
17 Januari 1864

Asahel,

Nakusalimu. Baba mzima. Bibi ana kifua lakini anakula uji wake na kugombana na kila mtu, kwa hiyo hatuna wasiwasi.

Barua yako nilikaa nayo miezi miwili nikiona nikijibu nitaandika nitakayojutia. Sasa nakujibu, kwa kuwa umeniuliza mara mbili.

Jina lililofuata lako kwenye pipa lilikuwa la Lyman Cottle. Harusi ilikuwa imebaki wiki tano. Nyumba haijaezekwa. Theluji imejaa ndani hadi kwenye madirisha, na watoto wa shule wanateleza humo wakitoka darasani, nami nawaacha.

Alikuja kuaga akiwa ameshavaa sare. Nilitaka akutukane, nikamchokoza akutukane. Akasema tu, "Asahel ana miguu myepesi, mimi nina mizito, basi." Ndivyo alivyo. Angalau angekasirika, ningepata wa kukasirika naye.

Alikuwa akiandika kila Jumapili. Tangu mapema Desemba sijapata hata mstari. Kila siku naenda kusoma orodha ya majeruhi na waliokufa kwenye mlango wa posta, nasoma kuanzia chini kwenda juu, sijui kwa nini. Sikuchukii, lakini mwezi huu siwezi kukuandikia mambo ya ndama.

Dada yako,
Philura


Kilimani
4 Machi 1864

Dada Philura,

Salamu, na keti chini kabla hujasoma.

Lyman yuko hapa. Yu hai. Alifika Jumatatu, amefungwa magunia miguuni, vidole viwili vya mguu vimeharibiwa na baridi. Ametoroka kambini tangu mapema Desemba, ametembea usiku na kulala mchana kwenye maghala ya nyasi. Nilifungua mlango nikamwona. Yeye ndiye aliyesema: "Nimekuja kukuuliza njia, wewe umetangulia."

Nilisoma barua yako siku tatu kabla hajaja. Nimempa kitanda changu, mimi nalala chini, na hata hilo anaona limezidi. Hanilaumu. Nakuambia, Dada, ni afadhali angenizaba makofi. Alinikataza kukuandikia, anasema hutamtaka mwanamume anayeitwa neno lile. Lakini anataka kukuona mara moja akuombe radhi uso kwa uso.

Basi tumepanga. Unajua mtu hakamatwi siku ya Bwana. Mjomba Jotham alikwepa wadai wake miaka minne kule msituni, na kila Jumapili alirudi kula maharage kwake, karani wa mahakama akimpita njiani na kumvulia kofia. Nasi tutatumia njia ya Mjomba. Jumapili ya wazee wetu huanza jua la Jumamosi likizama, kwa hiyo Jumamosi tarehe kumi na mbili, jua likizama, tutavuka mstari pale kwenye nguzo ya chuma karibu na kijito. Jumapili tutakuwa kanisani, kwenye benchi letu. Jumapili jioni tutarudi.

Mwambie Bibi anitengenezee mkate mweusi.

Ndugu yako,
Asahel


Hadlock
Ijumaa, 11 Machi 1864

Asahel, Asahel,

Sina salamu. Quimby kanikabidhi barua yako leo mchana. Alikwama kwenye theluji siku nne.

Msije. Jumapili ni kinga ya wadaiwa, si ya watoro wa jeshi. Mjomba Jotham alikuwa akikimbia karani, ninyi mnakimbia askari wa msako, na hao hawana Jumapili. Wiki iliyopita walimtoa mtu kwenye benchi kanisani katikati ya zaburi, mke wake kamshika koti. Wewe watakupeleka jeshini tu. Lyman alitoroka kambini. Wa namna hiyo wanapigwa risasi mbele ya wenzao.

Najua barua hii haitawahi. Naiandika kwa sababu mikono yangu haiwezi kukaa. Kesho nitachukua farasi na kigari cha theluji, nitakuja mwenyewe hadi kwenye nguzo kabla jua halijazama, niwazuie.

Na mwambie Lyman, kama nitashindwa kusema nikimwona: nililisugua neno lile mlangoni nikidhani ni aibu ya watu wengine, sasa na liwe langu pia. Nimeweka sanduku lake la nguo kwenye kigari, na langu pia. Bibi amenisaidia kufunga. Baba ameona, akatoka kwenda kumpa farasi maji.

Dada yako,
Philura


Gereza la wilaya, Maine
23 Machi 1864

Kwako Dada Philura, na Shemeji Lyman, hapo Kilimani,

Natumaini barua hii inawakuta wazima, kibanda kinapitisha moshi vizuri, na Donovan hawachoshi na Biblia yake. Mimi sijambo. Huku chakula ni kibovu lakini kinaletwa kwa wakati.

Quimby ameniambia unajilaumu, hulali, unasema wewe ndiye uliyewaleta askari. Ni kweli waliifuata alama ya kigari chako kwenye theluji. Mwalimu anayetoka Jumamosi na masanduku mawili, mji mzima ungemfuata. Lakini usipokuja wewe wangetukamata kanisani Jumapili, wote wawili, na mwenzako angeshazikwa. Hilo lipime vizuri, wewe unajua hesabu.

Na usiwaambie watu nilijitoa mhanga. Nilikuwa nimeshavuka nguzo nilipowaona nyuma yako, na Lyman alikuwa bado ng'ambo, anachechemea kuja kwako. Kwa mara ya kwanza miguu yangu haikukimbia. Sijui kama ni ujasiri au iliganda. Nikawaendea nikasema, "Asahel Tibbetts ni mimi, mmenitafuta tangu Julai." Walipokuwa wananifunga nilisikia farasi wako anavuka kijito kwenda kwa Lyman. Sikugeuka, nilijua nikigeuka nitalia.

Bibi alikuja kunitembelea na mkate. Baba alikuwa naye. Alisimama mlangoni, akasema, "Asahel, koti hilo ni jepesi," akavua lake akanipa. Basi ameshalitamka jina, tusimdai zaidi.

Ijumaa tunasafirishwa kwenda Virginia. Ninaogopa vilevile kama mwanzo. Nitakuandikia nikifika.

Ndugu yako mdogo,
Asahel


Kilimani
6 Julai 1864

Mpendwa mdogo wangu Asahel,

Nakusalimu kwa mara ya nne. Ya Aprili hukujibu, ya Mei hukujibu, ya Juni hukujibu. Nimejiambia posta ya jeshi ni mbovu. Sisi wazima. Lyman anatembea bila fimbo, tumepanda viazi, na tulifunga ndoa kwa mchungaji wa huku, kimyakimya, Donovan akiwa shahidi.

Lyman hatulii. Anaamka alfajiri, anavaa viatu, anaenda hadi kwenye mstari, anarudi. Mimi nilikuwa nikimcheka, sasa tunaenda wote.

Jana Quimby alileta gazeti. Nilisoma orodha kuanzia chini kwenda juu. Jina lako limo. Halimo kwa waliokufa, wala kwa waliojeruhiwa, wala kwa waliotekwa. Limeandikwa pembeni na mengine matatu: hawajulikani walipo tangu mapigano ya Juni. Lyman amesema wakati mwingine maana yake ni mtu ambaye hawakupata cha kuzika. Nikamuuliza, wakati mwingine mwingine je? Akaniangalia, akasema wakati mwingine mwingine mtu ameweka bunduki chini akaingia msituni.

Asahel, nilikuita mwoga mbele ya Baba, na mbele ya wanafunzi wangu, na usiku kwenye sala. Sasa nasali tofauti. Naomba uwe umeogopa. Naomba uwe umeitupa bunduki, na koti la Baba ukiona linakuchelewesha ulitupe nalo, uwe njiani, umelala kwenye ghala la nyasi la mtu mwema. Usije kwa barabara kuu. Usiamini Jumapili. Mlango hatuufungi.

Kimbia, mdogo wangu, tafadhali.

Dada yako,
Philura