Maji ya Kinywa

Mjukuu wangu Kadzo,

Salamu nyingi kutoka Miritini. Hatujambo, ila miguu yangu inanisumbua, na babako bado anatafuta kazi. Nashukuru umejifungua salama. Umeniomba nije nimpulizie mtoto maji ya kinywa na kumwombea, kama alivyofanya bibi yangu.

Kwetu, kuombea watoto ilikuwa kazi ya wanawake wazee: walitamka maneno ya baraka juu ya maji, wakayatia kinywani na kumpulizia mtoto. Nikiwa msichana, wazungu wa misheni walikuja kutafuta maneno ya kutafsiria kitabu chao cha sala. Bibi aliwapa yote, huku akicheka kwa furaha. Kitabu kilipotoka, mwalimu wa kanisa alitusomea maneno yale yale ya bibi. Kisha akasema kuanzia sasa ni ya kasisi. Mwanamke atakayeyatamka juu ya maji ni mchawi. Bibi akaitikia "Amina" pamoja nasi. Hakuombea tena mtoto yeyote.

Jana nilichota kikombe cha maji nijaribu. Maneno nayakumbuka, lakini kila neno lilinijia kwa sauti ya yule mwalimu. Maji nikayanywa.

Mpeleke tu kwa kasisi, mama. Maneno ya bibi anayo yeye.

Bibi yako