Misa ya Adelard

Yuli, uko? Nimekaa nje ya hospitali.

Lile kovu langu la tumboni, mama analosemaga ni la ngiri! Daktari kaangalia picha, kaniuliza, "Nani alikupasua utotoni?"

Kasema nilizaliwa na maumbile ya kike na ya kiume. Si ugonjwa, si laana. Zamani walikuwa wanawapasua wachanga haraka haraka, siku hizi wanasubiri mtoto akue aamue mwenyewe.

Aamue mwenyewe, Yuli!

Nikampigia mama palepale. Akaanza kulia. "Ilikuwa sabini na mbili, mwanangu. Daktari alisema msichana ni rahisi kutengeneza. Baba yako akasaini."

Rahisi kutengeneza. Kama stuli!

"Lakini tulishakubatiza Adelard," akasema. "Majirani na mjumbe wa nyumba kumi tukawaambia mlikuwa pacha, wa kiume amekufa."

Pacha wangu Adelard, Yuli. Yule tunayemwombea misa kila Novemba hapa Temeke, na mshumaa nawasha mie.

Hakukuwa na pacha.

Miaka yote hiyo, "raha ya milele umpe ee Bwana", nilikuwa najiombea mwenyewe.