Mchumba Wangu Anadhani Nina Pepo, Kumbe Ni Baruti

Bi Kibibi mpendwa, shikamoo. Naomba unishike mkono kabla Jumamosi haijafika, maana nimejifunga kamba mwenyewe na sasa sijui nianze kuifungua wapi.

Mimi naitwa Lynette, ni Mkenya wa Kitale, naishi Deira, hapa Dubai, kwenye chumba cha akina dada wanne, na kazi yangu iko katika klabu moja ya kulenga shabaha nje ya mji, ambako nilianza kwa kuwapa wageni vifaa vya kuziba masikio na kuokota maganda ya risasi, lakini mwaka jana wakaanzisha mashindano ya mtindo wa makauboi, yale ya bastola mbili kiunoni na bunduki ndefu ya kukoki kwa mkono, ambapo kila mshiriki sharti avae kama wachunga ng'ombe wa Marekani wa zamani na ajipe jina la utani, na wafanyakazi tukaruhusiwa kushiriki, na mimi nikaingia daraja la baruti nyeusi, ile ya kizamani yenye moshi, na Bi Kibibi, ni moshi kweli kweli, kama jiko la kuni mbichi, ukishapiga mara mbili hulioni tena bamba la chuma mbele yako, unapiga kwa kukumbuka lilipokuwa, halafu unasikia ting! na roho inaruka kwa raha.

Fundi wa silaha pale ni Mjordani anayeitwa Humam, na yeye ndiye aliyenifundisha kujaza risasi upya hapo hapo klabuni chini ya jicho lake, kwa sababu hakuna kitu kinachoruhusiwa kutoka nje ya lango, kwa hiyo sasa najua kusafisha ganda lililotumika, kubandika fataki mpya, kile kidude cha kuwashia baruti, kupima baruti kwa kipimo cha shaba na kukaza kichwa cha risasi kilichopakwa nta ya nyuki, na tukimaliza tunaziosha bastola kwa maji moto na sabuni kama tunaosha sufuria, maana masizi ya baruti nyeusi yakilala kwenye chuma asubuhi unakuta kutu. Nguo nimejishonea, sketi ndefu ya kitenge na kizibao, kofia pana nimeipata hapa Deira, mkanda wa ngozi wa kubebea bastola nimeazimwa, na jina langu la mashindano ni Mama Radi. Siku ya kwanza waamuzi walikitazama kile kitenge wakanong'onezana, halafu wakasema vitambaa vyenye maua vilikuwepo hata enzi hizo, pita.

Sasa shida. Nina mchumba, Clifford, askari wa ghala karibu na bandari ya Hamriya, kijana mpole, anayenipenda, na tangu tulipoanza kujuana anaamini mimi ni mwoga wa milio. Hilo lilianza siku gari lilipopasuka tairi hapo Al Garhoud na mimi nikamshika mkono. Bi Kibibi, nakwambia ukweli, nilimshika kwa sababu nilitaka tu kumshika mkono. Yeye akadhani nimeshtuka, akanikumbatia akasema, "Usiogope Lynn, niko hapa," na mimi nikaona kumbe ni rahisi hivi. Basi mwaka mpya fataki zilipolia nikaficha uso kwenye koti lake, na sufuria ikianguka naruka. Yeye amewaambia wenzake wote kazini kwamba mchumba wake hata puto likipasuka anatetemeka. Kazini kwangu, yeye na wenzangu wa chumbani wanajua ni klabu ya michezo tu, niko mapokezi nawapa wageni chai.

Tatizo ni nywele. Nimesuka rasta, na rasta huwezi kuziosha kila siku, na moshi wa baruti nyeusi umejaa kiberiti, unanuka kama mayai viza, ukiingia kwenye rasta hautoki. Clifford akaniuliza, nikamwambia ni shampoo mpya. Phyllis, ambaye tunakaa chumba kimoja na ndiye kiongozi wa maombi yetu, akanisogelea akanusa, akarudi nyuma. "Shampoo gani inanuka kama jehanamu?" akasema. "Lynette, hii si harufu ya mtu. Kuna kitu kimekufuata. Ashindwe!"

Ningesema hapo hapo, lakini Clifford alikuwa amesimama mlangoni na mfuko wa maembe aliyoniletea, na uso wake ulikuwa na huruma hivi kwamba nikashindwa, akina dada wakaniwekea mikono, wakakemea, na Phyllis alipopaza sauti nikaona wote wananingoja, nikaanguka chini kwa heshima tu. Tangu hapo mambo yamekua. Clifford amesimamisha safari ya wajomba zake kwenda Kitale kuwaona wazazi wangu Desemba. Aliniambia, "Lynn, nakupenda sana, lakini siwezi kupeleka wazee kwenu na hicho kitu bado kiko na wewe. Kwanza kitoke." Sasa kikundi chote kimefunga kula kwa ajili yangu, Clifford naye amefunga, na watafungua Jumamosi mchana kwa maombi makubwa chumbani kwetu, na Jumamosi hiyo hiyo mchana ni fainali, na mimi nimefika fainali, na Humam kila akiniona anagonga meza, "Yalla, Mama Radi! Jumamosi hakuna kulala, inshallah kombe ni letu!"

Nimefikiria niache mashindano, nifumue nywele, Jumamosi nianguke tena na safari hii nipige na ukelele, pepo litoke, kila mtu afurahi na mimi niolewe kwa amani. Hilo ni kosa kubwa, Bi Kibibi? Maana Clifford sitaki kumpoteza. Akijua kwamba mwanamke anayetetemeka kwa puto ndiye anayejaza risasi kwa mkono wake, nahofia ataona sikuwahi kumpenda, nilikuwa namchezea.

Wako,
Lynette, Deira

BI KIBIBI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Nimecheka mpaka nikaiweka chai chini, na ulipofika pale pa kuanguka kwa heshima, mume wangu alitoka chumbani kuuliza kuna msiba gani. Hongera kwa kufika fainali. Hongera na kwa kitenge. Kwisha kukusifu, sasa nikukaripie.

Weye huna pepo, na usijaribu kujitengenezea moja ili ulitoe. Unajua ukilitoa Jumamosi kitatokea nini? Wiki mbili baadaye utapita karibu na baruti, utarudi unanuka, na watasema limerudi na wenzake. Utaanguka mara ngapi, Lynette? Utazeeka sakafuni.

Na hebu nikuulize, umeshatazama nani ana njaa katika habari hii? Akina dada wanaosimama kutwa kazini, na Clifford wako anayelinda ghala juani, wote matumbo matupu kwa ajili ya nywele zako. Hapo ndipo cheko langu lilipokatika. Watu wanaojinyima chakula kwa ajili yako ni watu wanaokupenda, na mtu anayekupenda humwachi anashinda na njaa kwa sababu weye unaona haya.

Kwa hiyo leo hii, kabla hujafanya jambo jingine lolote, mkalishe Phyllis kitandani umwambie. Usizunguke. Mwambie, "Ni moshi wa baruti, nafanya mashindano kazini, nilinyamaza kwa woga na nimekosea." Atafoka. Mwache afoke, ana haki yake. Akimaliza awaambie na wenzake wafungue, mpikie ale, na umwombe aendelee kukuombea, lakini aombee shabaha. Na jamani, funga kilemba! Mwanamke wa Kiafrika ndani ya Deira amekosaje kipande cha kitambaa cha kufunika rasta zake? Hilo moja tu lingetuokoa sote.

Clifford mwambie kesho, ana kwa ana, si kwa simu, mahali pa watu, na kwanza umwagizie chakula. Anza na tairi la Al Garhoud. Mwambie ulimshika mkono kwa sababu ulitaka kumshika mkono. Hilo ndilo neno tamu kuliko yote katika barua yako, na yeye mwenyewe hajawahi kulisikia, maskini. Mwanaume amekaa muda wote huu anadhani umemkimbilia kwa hofu, kumbe ulimkimbilia kwa mapenzi. Ukishasema hilo, mpe na mengine yote, bastola, baruti, jina la Mama Radi, na chai ya mapokezi isiyokuwepo. Atakasirika. Ataona haya mbele ya wenzake aliowasimulia habari za puto. Usilie ili akuonee huruma, umeshaitumia sana huruma yake. Na usijitolee kuacha mashindano ili anyamaze. Muombe radhi kwa uongo, usimuombe radhi kwa kipaji. Halafu mwalike fainali, na Phyllis mwalike, na yeyote aliyefunga mwalike, wakale karamu huko huko.

Sasa sikia jambo ambalo hukuniuliza. Nimeisoma barua yako mara mbili. Ukiandika juu ya kukumbatiwa kwa sababu ya tairi, unaandika vizuri, lakini polepole, kama mtu anayesimulia habari za jirani. Ukifika kwenye moshi, kwenye ile ting ya chuma, unakimbia, huweki hata nukta. Mimi sikujui, sijawahi kukuona, na kwa mistari ile michache nimekupenda. Clifford amekaa na weye siku zote hizi na hajakutana na huyo mwanamke hata mara moja. Amemposa mwoga. Huyo mwoga hayupo, na angekwenda kuishi naye nyumba moja, akimtafuta kila siku asimwone, na weye ukichoka kumwigiza.

Unahofia kumpoteza, na mimi sikufichi, inawezekana. Lakini kijana anayekuletea maembe na kufunga kula kwa ajili yako huku anaamini umevamiwa na mashetani, mwanangu, huyo haogopi vitu vidogo. Mimi ningemwekea dau langu. Akikubali, wajomba waende Kitale na mkutano uwe wa furaha. Akikataa, afadhali ajue na ujue sasa, kuliko kujua ndani ya ndoa.

Jumamosi ukiitwa kwenye mstari, usigeuke nyuma kutazama kama amekuja. Piga risasi zako zote kwanza.