Maksai wa Mama na Ramani ya Bahari

Kitengela,
Jumatatu, 9 Februari 2004

Kaka yangu Wanyonyi,

Leo ni miaka miwili na miezi mitatu tangu niondoke nyumbani. Nakusalimu sana wewe, shemeji, watoto na Mama. Miguu yake inaendeleaje? Mimi niko mzima, ila mgongo unauma kwa kuchimba.

Kaka, kama wale maksai wawili wa Mama bado wako zizini, tafadhali usiwapeleke mnada wa Alhamisi. Ndiyo sababu nimempa Morgan wa kwetu barua hii mkononi, anasafiri kesho kuja huko.

Unajua namfanyia kazi Daktari Nthenya, namchimbia tangi la maji na kulinda nyumba. Yeye kazi yake ni hesabu za bahari kwa kompyuta. Anasema wanaopima hali ya hewa ya dunia nzima wameigawa bahari kwa miraba mikubwa mno, hata pwani yetu yote, Vanga mpaka Lamu, inaingia kwenye miraba miwili mitatu. Basi yeye huchukua majibu yao, akayapitisha kwenye hesabu ya bahari yetu peke yake, yenye miraba midogo, ndipo mikondo na joto la karibu na ufuo vionekane. Karatasi zilizoharibika hunipa, nami hubandika ukutani kuzuia upepo wa kwenye mabati.

Jana aliniletea dawa ya mgongo, nikamwonyesha ramani iliyo juu ya kitanda: bahari imetiwa rangi nyekundu, nchi kavu nyeupe tupu mpaka kwetu. Nikamuuliza ukame huo utaisha lini. Alicheka hata akashika mlango. Akasema peupe ni mahali ambapo hawakupiga hesabu, maana ramani ni ya bahari, au nilitaka samaki walime mahindi? Tena ni bahari ya mwaka 2070. Kisha akauliza mbona uso umenibadilika. Nikamwomba ruhusa ya kuja nyumbani.

Kaka, niliandika Januari kwamba daktari amesema mvua haitafika, muuze maksai kabla hawajakonda. Yeye hakusema hivyo. Nilijisomea mwenyewe ukutani. Niliona haya kumuuliza, maana niliishia darasa la tano, na nyinyi mmeshaniita mtu wa kompyuta. Jina lake nililitia ili mnisikie.

Kama wameshauzwa, mwambie Mama ni mimi, asimlaani mtu asiyemjua.

Nisalimie Nasike na majirani wote. Nimepewa ruhusa ya wiki mbili. Napanda basi Jumatano jioni. Alhamisi kabla ya saa tatu asubuhi nitakuwa nimefika, na nitapitia mnadani kwanza.

Ni mimi mdogo wako,
Wakhungu