Fulana ya Zabibu

Jumamosi, 5 Juni

Salaam aleikum, daftari langu. Hujambo? Natumaini mende wa kabatini hawajakugusa. Mimi sijambo, alhamdulillahi, ila goti la kushoto.

Nimeswali alfajiri, nikachemsha maziwa, nikabeba fimbo zangu kwenda uwanjani kabla upepo haujaamka. Mama Neema alikwishafika kutoka Ipagala, kajifunga kitambaa kichwani kama anakwenda kupalilia. Yeye ni mpiga chapa bungeni. Mimi opereta wa simu wizarani, darasa la nane la zamani. Gofu nilianza kwenye michezo ya wizara. Walikosa mwanamke wa kujaza nafasi, nikajaza. Sijatoka mpaka leo.

Tumecheza mashimo tisa. Kiwanja kikavu. Wenzetu wa Moshi wana majani mabichi kuzunguka shimo, kama zulia. Sisi tuna mchanga uliochanganywa na oili chafu ya magari ili upepo usiupeperushe. Tunauita brauni. Ukifika hapo unachukua ubao wa kuburuza, unasawazisha njia kutoka mpira wako hadi shimoni, ndipo unapiga. Nikirudi nyumbani miguu inanuka gereji. Baba Rukia, mume wangu, husema alioa mke akapata fundi.

Msimu wa wanawake unaanza wiki ijayo. Morogoro, Moshi, Dar es Salaam, na mwisho hapa kwetu mwezi wa tisa. Sisi ni wa ridhaa, tunacheza kwa kupenda. Lakini hapa Dodoma watakuja wanawake wanaoishi kwa gofu, wanaolipwa, kutoka Kenya na Zambia na huko chini kusini. Wa ridhaa watakaofanya vizuri msimu mzima, kila mmoja atapangwa na mmoja wao.

Nataka kuwa mmojawapo. Namwomba Mungu, na mimi mwenyewe nataka. Nimeandika.

Jumapili, 13 Juni

Morogoro. Nimekuwa wa nne. Milima mizuri, mbu wabaya. Viatu vyangu vya misumari vimesifiwa sana. Sikusema nilivitoa kwenye rundo la mitumba na kwamba muuzaji alidhani ni vya kupandia milima.

Jumapili, 4 Julai

Moshi. Nina hasira bado.

Nilikuwa naongoza. Shimo la mwisho, mpira uko karibu, majani yana umande. Mkono wangu ukafanya ulichozoea. Nikapangusa njia kwa fimbo, taratibu, vizuri, mpaka shimoni. Kama nyumbani. Msimamizi akaja mbio. Kwenye majani njia haiguswi. Adhabu, mapigo mawili.

Nikawa wa pili.

Wale mama wa huko walicheka. Mmoja, mnene wa miwani, akaniambia, "Pole, Mama Dodoma. Hapa hatufagii." Nikamjibu kwamba kwetu mgeni hutengenezewa njia kabla ya kuingia. Wakacheka tena, safari hii pamoja nami. Lakini kwenye basi nililia kidogo, uso nimeugeuzia dirishani. Mama Neema alijifanya kalala. Ndiyo maana nampenda.

Jumatatu, 9 Agosti

Jana Dar es Salaam. Joto, kunguru, jasho hadi kwenye ushungi. Nimekuwa wa tatu.

Basi. Nimo. Jina langu limesomwa kati ya wale watakaocheza na wageni. Mama Neema amekuwa wa akiba, yaani mmoja wetu akiugua anaingia yeye. Nimesujudu palepale pembeni ya maegesho, kwenye kanga. Watu wapite wanavyopita.

Nimemwambia Baba Rukia. Akasema hongera, chakula kiko wapi.

Alhamisi, 19 Agosti

Mkutano klabuni. Bwana Mhina, mwenyekiti wa kamati, alikuwa anatabasamu tangu mlangoni. Nikajua kuna jambo.

Kampuni ya umma iliyokuwa ikidhamini mashindano imeuzwa, na mwenye nayo mpya hana habari na gofu. Siku hizi kila kitu kinauzwa na kila kitu kinataka mdhamini, hata maulidi yatafika huko. Sasa amepatikana mwingine. Kampuni mpya ya mvinyo, inanunua zabibu Makutupora. Watalipia hoteli za wageni, jukwaa, muziki, vikombe. Watu wakapiga makofi. Na mimi nilipiga.

Ndipo likafunguliwa boksi. Fulana nyeupe. Kifuani kichala cha zabibu, mgongoni jina la mvinyo kwa herufi kubwa hata asiyejua kusoma atajifunza. Na kofia yake. Kila mchezaji lazima avae.

Nikainua mkono. Nikasema mimi sitavaa. Nimesema kwa upole. Bwana Mhina akasema hilo tutalizungumza faragha.

Hakuna faragha. Mimi ni Mwislamu, situmii pombe, siiuzi, siibebi. Sasa nikaitangaze kwa mgongo wangu?

Jumatatu, 23 Agosti

Kijana wa kampuni amekuja ofisini kwangu, kwenye swichibodi. Tai nyekundu, marashi. Ana adabu, kaanza na shikamoo. Nikaitikia marahaba, nikampa kiti. Simu zinalia, naziunganisha, yeye anangoja.

Akasema kampuni inaheshimu dini zote. Akasema hakuna anayenilazimisha kunywa.

"Mama, hii ni nguo tu," akasema.

"Ingekuwa nguo tu, mwanangu, usingeitoa Dar es Salaam kuja kunivisha."

Akacheka. Kisha akacheka kidogo zaidi, vibaya. Akasema, "Lakini mdogo wako Saida si anachuma zabibu zetu kule Makutupora? Pesa ya zabibu nyumbani kwenu ni halali, fulana ndiyo haramu?"

Ameuliza-uliza habari zangu. Kajua hadi mdogo wangu. Nilichanganyikiwa, nikamuunganisha mkurugenzi na jikoni.

Jumanne, 24 Agosti

Nimepanda gari la kwenda Makutupora baada ya kazi. Saida nimemkuta anaosha miguu. Nikamweleza yote. Nikamwambia wakimfukuza itakuwa ni kwa ajili yangu, na kama anataka nivae aniambie.

Akaniangalia kama namtukana. Akasema, "Dada, mimi nachuma zabibu. Tunda. Wao wakilivundika ni juu yao na Mola wao. Na wewe ukitaka kuvaa, vaa, lakini usije ukasema umevaa kwa ajili ya Saida."

Mtoto huyu nilimbeba mgongoni. Sasa ananifundisha.

Jumatatu, 30 Agosti

Maulidi kwa Bi Tatu. Pilau nzuri, maneno mabaya. Habari zimefika. Nilidhani kule angalau nitafarijiwa. Bi Tatu akasema mbele ya wote kwamba hiyo ni ishara, Mungu ananitoa kwenye mchezo wa kupanua miguu hadharani. Wenzake wakaitikia, naam, naam.

Nikasema, "Bi Tatu, Mungu amenikataza pombe. Gofu hakuitaja. Usimtumie maneno ambayo hakusema." Nikaomba na sahani ya pili ya pilau, ili wasidhani nimekimbia.

Hawa wanataka nitoke kwa sababu nacheza. Wale wanataka nitoke kwa sababu sivai. Wote wananitaka nje. Sitoki.

Ijumaa, 3 Septemba

Nimegombana na Baba Rukia. Si ugomvi, ni kimya, nacho ni kibaya zaidi.

Alikuja na busara yake kutoka dukani. Nivae fulana, juu yake nivae buibui. Kamati itajua nimevaa, mimi nitakuwa nimejisitiri, hakuna atakayeona kitu. Amekwishazungumza na Bwana Mhina, na Bwana Mhina amekubali, hata yule kijana amekubali, mradi waandike kwamba wachezaji wote walivaa. Kila mtu amekubali ila mimi.

Nikamwuliza, na Mungu tumwambie nini? Kwamba iko chini ya buibui?

Akasema mimi ni mgumu kama mzizi wa mbuyu. Nikasema asante. Hatujazungumza tangu adhuhuri.

Usingizi ndio umekataa. Naandika ukweli: nilifikiri sana juu ya lile buibui. Lingenitosha. Ningecheza. Nimelitoa kabatini, nikalipima kwa macho, nikalirudisha.

Jumatano, 8 Septemba

Nimempelekea Bwana Mhina jibu kwa mdomo. Sivai juu, sivai chini, sivai ndani nje. Nitavaa gauni langu la kijani na suruali yake na ushungi mweupe, kama nilivyovaa Morogoro na Moshi na Dar es Salaam.

Akashusha miwani. Akasema basi anasikitika.

Ijumaa, 10 Septemba

Orodha imebandikwa. Jina langu limekatwa kwa wino mwekundu. Juu yake limeandikwa la Mama Neema.

Alikuja jioni, kabla sijawasha taa. Alikaa kwenye mkeka bila kuvua kandambili, jambo ambalo halifanyi. Amepangwa na Mzambia, yule mrefu ambaye picha yake ilikuwa gazetini.

"Mimi pia sinywi, unajua," akasema. "Ila fulana hainiumi. Labda ndiyo imani yangu ndogo. Nikatae, Mama Rukia? Sema tu, nakataa."

Nilitaka akatae. Nilitaka sana. Ulimi ulikuwa tayari.

Nikamwambia, "Kacheze. Nafasi ikienda kwa mtu mwingine nitaumia zaidi." Akalia yeye. Kisha nikamwambia kitu kimoja zaidi, kwamba asishtuke kesho akiniona.

Jumamosi, 11 Septemba

Nimechoka hadi kalamu ni nzito, ila leo lazima iandikwe leo.

Nimefika uwanjani na fimbo zangu, gauni la kijani. Mabendera ya mvinyo kila mahali, muziki mkubwa. Walipoita kundi la Mama Neema, nikatembea nao hadi pale pa kuanzia. Wao wakapiga. Watu wakapiga makofi. Nami nikainama nikachomeka kijiti, nikaweka mpira wangu juu yake.

Bwana Mhina akanikaribia, anaongea chini chini kama tuko msibani. "Mama Rukia, unavunja utaratibu."

"Ada ya uanachama nimelipa, Bwana Mhina. Uwanja huu nimeuburuza kwa mikono yangu. Andika kadi yangu au usiandike. Mimi napiga."

Na hapo, ng'ambo ya kamba, nikamwona Baba Rukia. Kanzu, kofia, mikono nyuma. Hajawahi kukanyaga hapa tangu nianze. Amefunga duka siku ya Jumamosi.

Nikapiga.

Ukaenda kushoto, kwenye michongoma.

Kuna waliocheka. Acha wacheke. Nilikwenda kwenye michongoma nikautoa. Yule kijana wa tai alitaka kutufuata, Bwana Mhina akamshika mkono. Nadhani aliona aibu ya kumkokota mama mtu mzima mbele ya wapiga picha.

Mzambia akauliza kitu kwa Kiingereza, ananiangalia. Mama Neema akamweleza kwa kirefu, na mikono. Yule dada akasikiliza. Fulana ya zabibu yeye anayo, ndiyo kazi yake. Akaniambia maneno machache. Nikauliza amesemaje. Mama Neema akasema, "Anasema zamu yako, piga."

Hivyo tu. Tukacheza watatu.

Kwenye brauni ya kwanza Mzambia alisimama kama aliyeambiwa ale kwa mguu. Nikampa ubao nikamwonyesha kuburuza. Alijipaka oili hadi kwenye soksi, akacheka peke yake.

Nimecheza vibaya. Pengine vibaya kuliko msimu wote. Goti liliuma, mchanga niliofanyia mazoezi kila Jumamosi ukanikataa. Hata wangenihesabu nisingeshinda kitu. Nimeandika ili baadaye nisijidanganye. Nimecheza vibaya, na nimecheza kwa nguo zangu.

Kadi yangu hakuna aliyeipokea. Mama Neema amekuwa wa tano.

Baba Rukia alinisubiri mwisho. Alikuwa ametembea mashimo yote. Akachukua mfuko wa fimbo begani mwake, akasema, "Kumbe ndiyo haya? Kutembea tu." Tukarudi nyumbani kwa miguu. Tumezungumza njia nzima.

Jumatano, 15 Septemba

Bi Tatu kanipita sokoni bila salamu. Mke wa imamu kasimama, kaniuliza kama mchezo huo unapunguza tumbo. Nikasema njoo uone.

Saida bado anachuma. Kila jioni nauliza watokao Makutupora.

Ijumaa, 24 Septemba

Nimetoka kuswali. Upepo umetulia leo. Baba Rukia kalala kwenye kiti, redio inazungumza peke yake.

Barua ya kamati imefika. Nimesimamishwa msimu ujao wote. Nikiandika kuomba radhi, watafikiria. Nimeisoma, nikanywa chai, nikaisoma tena. Sikukasirika. Nilidhani nitakasirika.

Nimewaandikia hivi, nanakili hapa:

"Kwa Bwana Mwenyekiti. Salaam, na natumaini kamati nzima ni wazima. Barua nimeipata. Radhi siombi, kwa sababu sijaona nilipokosa. Ninauliza jambo moja tu: msimu ujao, mwanamke asiyetaka kutangaza pombe ataruhusiwa kucheza, ndiyo au hapana? Nauliza kwa ajili yangu na kwa ajili ya watakaokuja nyuma yangu. Tafadhali nijibuni mapema. Msimu ukifunguliwa nitakuwepo pale pa kuanzia, mmejibu au hamjajibu."

Nimeweka stempu. Kesho mazoezi.